Tunapasha Gari Moto, au Tunajipasha Wenyewe?

Mazungumzo ya leo yanawahusu zaidi ninyi mlioko kwenye baridi: Minnesota, Maine, Manitoba, Alberta, na ndugu zetu wa Ujerumani na nchi za kaskazini ya Ulaya. Ninyi mnaotusikiliza kutoka Tanga na Mombasa mkiwa mmewasha feni, vumilieni kidogo. Huenda mna mtoto huku ughaibuni, na simu moja ya kumkumbusha haya ikamfaa kuliko mnavyodhani.

Pita kwenye maegesho ya nyumba za kupanga kule Brooklyn Park, jirani na Minneapolis, saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Januari. Utakuta magari kadhaa yanaunguruma na ndani hamna mtu. Vioo vimeganda, moshi mweupe umetanda hadi kwenye madirisha ya ghorofa ya kwanza, na wenye magari wako jikoni wanamalizia chai. Wengi wao ni watu wetu: wauguzi na walezi wa wazee wanaowahi zamu, madereva, vijana wa kwenye maghala. Muulize mmoja kwa nini gari limewaka nusu saa nzima. Atakujibu bila kusita kwamba injini lazima ipate moto kwanza, la sivyo itaharibika.

Mimi nasema jibu hilo lilikuwa la kweli enzi za kabureta, na enzi hizo zimepita. Ile nusu saa humpasha moto dereva zaidi kuliko gari. Kutaka kukaa kwenye kiti chenye joto si dhambi, hasa ukiwa na mtoto mchanga, maana kwenye kiti cha mtoto haifai kumfunga mkanda juu ya koti nene. Mkanda hulegea na ajali ikitokea mtoto huchomoka. Mzazi anayepasha gari kwa ajili hiyo namwelewa kabisa. Ila tukubaliane kwamba tunajipasha wenyewe. Mtu akiamini kwamba anaitunza injini, hataona sababu ya kupunguza muda, wala hatahesabu gharama na hatari.

Imani hii imetoka wapi? Nina jirani mmoja, mzee wa Makambako, aliyeendesha malori ya mbao kwa miaka mingi kabla ya kuja kuishi huku kwa mwanawe. Akiniona nimewasha gari na kuliondoa papo hapo, hunisimamisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hilo gari unaliua."

"Mzee, hili halina choki."

"Choki halina, lakini ni chuma. Chuma hakipendi kushtuliwa."

Mzee huyu si wa kubezwa. Ameamka asubuhi za Juni na Julai kule Njombe, wakati majani ya chai yanapigwa na baridi hadi yanakuwa meusi. Lori lake lilikuwa na breki za upepo, na lori la namna hiyo haliondoki mpaka mitungi ijae. Ukilazimisha, breki hazikuachii. Kwake yeye kusubiri lilikuwa sharti la kazi. Na waliokuwa na magari madogo ya petroli nao walikuwa na sababu yao, nayo ni kabureta.

Kabureta huchanganya petroli na hewa bila kujua lolote kuhusu hali ya hewa. Hewa hupita kwenye koo jembamba na kufyonza petroli njiani. Sasa petroli ikiwa ya baridi haigeuki mvuke kwa urahisi. Inabaki matone, matone yanang'ang'ania kwenye kuta za bomba, na kinachoingia kwenye silinda ni hewa yenye mafuta kidogo mno yasiyoshika moto. Ndipo ikawekwa choki. Unavuta kitasa, njia ya hewa inabanwa, petroli inazidi, injini inashika. Ukirudisha choki mapema na kuondoka, gari linakohoa mara mbili tatu na kukuzimikia katikati ya njia panda. Dereva mwenye akili alisubiri.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabureta ilikuwa imetoweka karibu kabisa kwenye magari mapya yaliyouzwa Marekani. Zikaja nozeli zinazopuliza petroli kwa shindikizo, zikiamrishwa na kompyuta. Sensa moja inapima joto la maji ya rejeta, nyingine joto la hewa inayoingia, nyingine inanusa moshi unaotoka, na kompyuta inaamua petroli kiasi gani ipulizwe. Kazi ya choki ikaondoka mikononi mwa dereva. Hata zile Toyota zilizotumika zinazoshushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa zimekuwa za namna hii kwa miaka mingi sasa, kwa hiyo wa Njombe na Limuru nao hawana haja tena ya kusubiri kama walivyosubiri baba zao.

Basi mtu asubiri muda gani? Idara ya Nishati ya Marekani inasema kwamba watengenezaji wengi wa magari wanashauri uondoke taratibu baada ya kama sekunde 30. Ukitaka alama ya kuona kwa macho, tazama mshale wa mzunguko wa injini. Gari likiwashwa kwenye baridi, resi hupanda yenyewe bila wewe kukanyaga, kwa sababu kompyuta inataka kuyapa moto haraka masega, kile kichungi cha kwenye bomba la moshi ambacho wezi wanakipenda. Masega hayachuji kitu mpaka yapate moto wa mamia ya nyuzi. Baada ya muda mfupi resi inashuka na mngurumo unatulia. Hapo gari liko tayari, nenda zako.

Lakini nenda taratibu, na hapa mzee wa Makambako namrudishia heshima yake. Chuma hakipendi kushtuliwa. Pistoni na silinda havitanuki kwa kiasi kilekile wala kwa kasi ileile, na oili ya baridi haijafika vizuri kila kona. Kwa kilomita nane au kumi za mwanzo usipige resi, usikimbilie barabara kuu ukakanyaga hadi chini. Gari likitembea hivyo kwa upole hupata moto haraka kuliko likisimama, kwa sababu injini iliyosimama palepale haina mzigo. Inachoma petroli kidogo tu, ya kujizungusha yenyewe, na petroli kidogo hutoa joto kidogo. Halafu kuna vitu ambavyo kuunguruma hakuvigusi hata kidogo: shokapu, beringi za magurudumu, matairi yaliyoganda upande mmoja kwa kulala. Hivyo vyote hupata moto kwa kutembea tu.

Kuna na madhara ambayo watu hawayaoni. Injini ya baridi hupewa petroli nyingi kuliko kawaida. Sehemu ya petroli hiyo haiungui; inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha utando wa oili uliowekwa kulinda ringi za pistoni, na kuishia chini kwenye oili yenyewe. Sisemi injini itakufa kesho. Nasema kwamba yule anayeliacha gari likiunguruma nusu saa kila siku akidhani anaitunza, anarefusha ule muda ambao injini inaumia zaidi. Tena kila lita ya petroli inayoungua huzaa karibu lita moja ya maji. Bomba la moshi likiwa la moto, maji hayo hutoka kama mvuke na kupotea. Likiwa la baridi, yanatulia ndani na kuanza kazi ya kutu.

Gharama nayo si ya kupuuzwa. Wizara ya maliasili ya Kanada inakadiria kwamba gari lenye injini ya lita 3 likiunguruma limesimama kwa dakika 10 linateketeza mililita 300 za petroli. Nusu saa ni karibu lita nzima, na gari halijasogea hata hatua moja. Ongeza kwamba baridi yenyewe ina kodi yake: Marekani wamepima wakaona kwamba gari la petroli likiendeshwa mjini kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri hupungukiwa na kama asilimia 15 ya umbali ambao lingekwenda kwa mafuta yaleyale kwenye nyuzi 25. Kwa safari fupi fupi, upungufu unaweza kufika asilimia 24.

Sasa nasikia mtu wa Winnipeg ananicheka. Anasema: huyu anazungumzia nyuzi 7, aje aone 35 chini ya sifuri. Ni kweli, baridi ya namna hiyo ni habari nyingine. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na shirika la posta la Marekani, ambalo hujivunia kutokosa siku, lilisimamisha usambazaji wa barua katika jimbo zima. Kabla sijaendelea, niondoe hofu moja. Watabiri wa huku hutangaza baridi mbili, ya hewa na ile ya "inavyohisiwa" kwa sababu ya upepo. Hiyo ya pili ni ya ngozi yako. Upepo hulifanya gari lipoe upesi, lakini hauwezi kulishusha chini ya baridi ya hewa yenyewe. Wakisema hewa ni 20 na inavyohisiwa ni 32, gari lako liko kwenye 20.

Kwenye baridi kali, tatizo linakuja kabla ya kupasha injini: je, injini itawaka? Oili isiyo ya msimu inakuwa nzito kama uji wa jana, na stata inapaswa kuuzungusha mtambo wote ndani ya uji huo. Wakati huohuo betri, ambayo ndiyo inaipa stata nguvu, imenyong'onyea. Chama cha madereva cha Marekani, AAA, kinasema kwamba kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri ya kawaida hupoteza kama asilimia 60 ya nguvu zake. Utaujua mlio wake: stata inazunguka polepole, ng'wee, ng'wee, inanyamaza, na taa za dashibodi zinafifia. Hapo ndipo watu wanapoanza kuitana saa kumi na moja alfajiri kutafuta nyaya za kubusti. Betri iliyokwisha chaji inaweza hata kuganda barafu, na iliyoganda usiibusti, inaweza kupasuka. Iliyojaa chaji haigandi hata kwenye baridi ya Winnipeg.

Kwa hiyo pesa unayotaka kuitunzia injini iweke hapa. Nunua oili inayoandikwa 0W au 5W kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Pima betri mwezi wa Oktoba, usisubiri ikuaibishe Januari. Betri yenye miaka minne au mitano imeshazeeka. Na ukiishi kwenye mikoa ya baridi kali, tumia hita ya injini.

Hita ya injini inastahili maelezo kidogo, maana wengi wetu tunaona plagi ya umeme inaning'inia mbele ya gari tulilonunua kwa mtu na hatujui ni ya nini. Zamani kwenye mbuga za kaskazini watu walimwaga oili jioni, wakaiingiza ndani ya nyumba kuiweka karibu na jiko, asubuhi wakairudisha. Wengine waliweka makaa chini ya injini, na baadhi yao walipoteza gari na banda pamoja. Kisha Andrew Freeman wa Grand Forks, North Dakota, ambaye kazi yake ilikuwa kusambaza umeme vijijini, akabuni hita iliyokaa mahali pa bolti mojawapo ya kichwa cha injini. Alipata hataza yake mwaka 1949. Siku hizi hita hukaa ndani ya njia za maji ya rejeta. Unachomeka waya kwenye umeme wa nyumba, maji yanapata uvuguvugu, na asubuhi injini inawaka kama vile ni Septemba. Huko Winnipeg na Edmonton maegesho mengi ya kazini na ya nyumba za kupanga yana soketi za umeme kwa kila gari. Huna haja ya kuchomeka usiku kucha. Weka kipima saa cha soketi, kiwashe saa mbili au tatu kabla ya kuondoka, inatosha. Tumia waya wa nje ulio mnene, usiwe ule wa kuchajia simu sebuleni. Na kumbuka kuuchomoa kabla ya kuondoka. Kila majira ya baridi kuna mtu anayeondoka na soketi ya mwenye nyumba.

Wa dizeli mna mambo yenu: dizeli ina nta ambayo hujitenga kwenye baridi na kuziba filta, kwa hiyo jazeni dizeli ya msimu wa baridi. Wa magari ya umeme ninyi ndio mliobarikiwa. Pasheni gari likiwa bado kwenye chaja, mtumie umeme wa ukutani badala ya wa betri, na hakuna moshi.

Nimefika kwenye moshi, na hapa nasimama kidogo. Weupe wa moshi unaouona asubuhi ni mvuke wa maji tu, huo hauui mtu. Kinachoua ni gesi ya kaboni monoksaidi iliyomo ndani ya moshi huo, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hujishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na oksijeni inakosa nafasi. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, anadhani ni mafua, anajilaza kidogo, na hapo inakuwa basi. Marekani zaidi ya watu 400 hufa kila mwaka kwa gesi hii kwa bahati mbaya, ukiacha wanaokufa kwenye nyumba zilizoungua. Si yote ni magari. Yamo majiko, mitambo ya kupashia nyumba joto na jenereta. Lakini magari yamo.

Nyumba nyingi huku zina banda la gari lililoungana na nyumba, mara nyingi chumba cha kulala kiko juu yake. Mtu analiwasha gari humo, anafungua mlango mkubwa wa nje, anaamini moshi unatoka wote. Hautoki wote. Sehemu inapenya kwenye mlango wa jikoni na kwenye nyufa za dari hadi walipolala watoto. Ukiwasha, litoe nje papo hapo. Magari ya kuwasha kwa kitufe yameongeza hatari, kwa sababu hayana ufunguo wa kuchomoa. Mtu anashuka, injini iko kimya, anaingia kulala akidhani amezima.

Kuna na theluji. Tarehe 23 Januari 2016, kwenye dhoruba kubwa ya theluji ya pwani ya mashariki, baba mmoja wa mji wa Passaic, New Jersey, alikuwa akilifukua gari lake. Mkewe na watoto walikaa ndani, injini ikiwaka ili wasisikie baridi. Bomba la moshi lilikuwa limezibwa na theluji. Mama huyo na mwanawe wa mwaka mmoja walifariki. Baba alikuwa nje, hatua chache tu kutoka kwao, anafanya kazi ya kuwatoa. Ndiyo maana nasema, kabla hujagusa ufunguo, zunguka nyuma ya gari na ulifukue bomba la moshi kwanza.

Wezi nitawapitia haraka. Gari linalounguruma bila mtu na ufunguo ukiwa ndani ni zawadi, na vijana hupita kwenye maegesho alfajiri wakitafuta moshi mweupe. Minneapolis na Saint Paul zina sheria za kukataza kuacha gari hivyo. Ukiibiwa, unaweza kuandikiwa faini juu ya hasara. Anayewasha kwa rimoti, milango ikiwa imefungwa, ana nafuu. Ujerumani kuliacha gari likiunguruma bila sababu ni kosa la barabarani, na kupasha injini huku unakwangua kioo hakuhesabiwi kuwa sababu.

Na kioo chenyewe? Kikwangue chote, na theluji ya kwenye paa iondoe. Usiondoke na tundu la ukubwa wa sahani kama dereva wa kifaru. Usimwage maji ya moto, kioo kitapasuka. Washa kipuliza cha kioo cha mbele pamoja na eyasii, ndiyo, eyasii wakati wa baridi, kwa sababu inakausha hewa na ukungu unaondoka. Kwa mtu mwenye kikwangulio kizuri kazi hii ni ya dakika tatu nne, na injini nayo imeshapata muda wake wa kutosha.

Ombi langu kwenu ni moja. Kama nyumba yako ina banda la gari lililoungana nayo, au una jiko la gesi, nenda leo kanunue king'ora cha kaboni monoksaidi. Madukani ni bei ya jozi ya glovu nzuri. Kiweke kwenye ukumbi karibu na vyumba vya kulala, na ukijaribu mbele ya watoto ili wakijue mlio wake.